Paspoti ya Baharia wa Tukuyu

Sanduku lilikuwa wazi, kufuli zima, na mfuko wa Biubwa haupo.

"Mwizi gani huyu?" Inspekta Ikupa aliuliza, akiinama na tochi. "Kaacha simu, kaacha cheni ya dhahabu. Kachukua mfuko wa mpira wenye paspoti tu."

Konstebo Fred, aliyekuja jana kupokea malalamiko, alimnong'oneza kwamba mkuu wa kituo alishasema haya ni mambo ya nyumbani, waachiwe wanandugu.

"Mkuu atasema na mimi nikirudi. Paspoti ni mali ya serikali. Chukua alama za vidole hapo kwenye kufuli."

Biubwa alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Binti wa fundi cherehani wa Bagamoyo, hii Bagamoyo ya Tukuyu isiyo na bahari hata ya kuoshea miguu, ndiye aliyekuwa baharia kwenye boti ya tanga ya watalii, pwani ya Uturuki. Watu walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Baba yake, mzee Saad, alipofariki, boti ilikuwa katikati ya maji. Alifika marehemu keshazikwa.

"Jumatatu nahodha anafungua kamba," alisema. "Niwepo, nisiwepo. Tunalala marina hii, kesho marina ile, bandari ndogondogo za boti za starehe, mpaka msimu uishe. Nikichelewa, nafasi yangu anapewa mwingine, na mimi nibaki hapa kupindia watu suruali. Sitaki! Nasema sitaki!"

"Nani hataki uende?"

"Afande, uliza nani anataka."

Mjomba wake Rahim, muuza vitambaa sokoni, hakujificha.

"Mtoto wa kike kulala botini na watu baki? Nilimwambia paspoti hiyo nitaichoma moto."

"Ukaichoma?"

"Ningeichoma hadharani, mama. Mimi siibi, mimi nagomba."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mbeya, kufuata mzigo. Nimerudi magharibi, kitu kimeshaibwa."

Fred alimpigia simu dereva wa basi alilorudi nalo mjomba. Dereva akathibitisha, tena akalalamika kwamba mjomba aligombana na abiria njia nzima. Na zile alama kwenye kufuli zilikuwa za wenye nyumba tu.

Ikupa akatoka uani. Mvua ilikuwa imepumzika kidogo, ikivuta pumzi irudi. Karibu na ukuta palikuwa na udongo mbichi uliofunikwa majani ya mgomba.

"Hizo ni ndizi, afande," Fred alisema. "Jana niliuliza, nikaambiwa wamezivundika ziive." Fred kwao Singida, jamani. Tumsamehe.

Ikupa alicheka mpaka akashika ukuta. "Masika haya? Gwe Fred, ndizi unazizika kwenye maji ziive au zioze? Kwetu Kawetele, mvua ikiwa hivi ndizi zinapanda darini, juu ya moto wa jikoni. Aliyechimba hapa hajavundika ndizi tangu azaliwe. Nani alikuambia?"

"Mama yake Biubwa. Alisemea dirishani. Yuko eda, sikuingia kumhoji."

Kicheko kikamkauka Ikupa. Mjane akiwa edani hatoki nje ya geti lake, na wanaume baki hawamkaribii. Ndiyo maana vijana wa kituo walimpita kwa heshima. Lakini mwizi mwenye ruhusa ya kutoka angeutupa mfuko ule hata mtoni Kiwira. Huyu aliuzika uani kwa sababu uani ndiko mwisho wa safari zake.

"Chimba," alisema.

Hapakuwa na ndizi hata moja. Palikuwa na mfuko wa mpira, mdomo wake umekunjwa na kubanwa vizuri, na ndani paspoti kavu kabisa.

Ikupa, mwanamke mwenzao, aliingia kwa mjane na Biubwa peke yao. Bi Ummy alikuwa mkekani, kajitanda nguo nyeupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nani kakufundisha kuufunga mfuko huu?"

"Huyo hapo." Alimnyooshea Biubwa kidole. "Kanionyesha mwenyewe kwa kujigamba. Mikunjo mitatu, maji hayaingii. Ufunguo kauacha chini ya mto. Ndiyo, nimeiba mimi! Andika. Na nikipata nafasi nitaiba tena."

"Mama!"

"Mama nini? Baba yako kakata roho anauliza leo boti yako iko wapi. Katoka humu ndani kwa mabega ya majirani, mwanawe hayupo hata kumtazama uso. Umenisimulia wewe mwenyewe, kila marina kuna mtu kasimama gatini anapokea kamba yenu. Watu hamjuani! Na mimi nikianza kwenda na maji, nani atanipokea?"

"Basi ungeichoma," Ikupa alisema. "Kwa nini ukaifunga hivi?"

Bi Ummy alijibu kwa hasira ileile. "Ni ya mwanangu. Nilitaka achelewe, sikutaka aharibikiwe."

"Kuficha paspoti ya mtu ni kosa, mama. Mlalamikaji, unasemaje?"

Biubwa alikuwa analia, kidevu bado kiko juu. "Nafuta malalamiko. Lakini naondoka, mama. Ifukie tena, nitachimba ua wote. Naondoka!"

"Nani kakwambia ukae?"

Bi Ummy akaunyakua mfuko, akaufuta tope kwa pindo la nguo yake, akaukunja mdomo upya, mara tatu, na kumtupia binti yake kifuani.

"Msimu unaisha lini?"

"Mwezi wa kumi."

"Eda yangu itakuwa imekwisha. Mwambie mjomba wako asijisumbue. Stendi nitakuja mwenyewe, kupokea kamba."