Sitaki Uraia wa Kuolewa

"Hapana," alisema Fundi.

Sebule ilikuwa imejaa. Wageni walioshika glasi walibaki nazo hewani, na kijana aliyepiga goti zuliani, pete mkononi, akadhani masikio yake yameziba.

"Umesemaje?"

"Nimesema hapana, mpenzi wangu. Inuka basi, watu wanatuangalia."

"Si ndicho nilichowaitia! Waangalie ukisema ndiyo!"

"Sisemi. Sio leo."

Jamani, kuna kupigwa chini, halafu kuna hii! Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya mama wa kijana, ukoo mzima umejaa ndani, keki iko mezani, simu zimewashwa kurekodi. Kijana aliinuka akatoka nje bila viatu.

Mtaani kwao wanamwita Unga, kwa sababu ni mwokaji mikate na hata akioga vipi nyusi zake hazikosi weupe. Duka ni la mama yake, Mama Mkate, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara. Na huyo aliyekataa ni Fundi, mgeni kutoka nchi nyingine, aliyeingia na begi moja na kibali cha kazi, akaanza kutengeneza friji za watu. Chumba cha baridi cha Mama Mkate kilipokufa na siagi ikaanza kuyeyuka, ndiye aliyeitwa. Alikifufua, akanawa mikono, akaomba chai. Unga alimletea chai na tangu siku hiyo hakutulia.

Wanapendana, tena wanapendana kweli. Sasa mtu anakataaje?

Sikia. Kabla ya ile pete kutolewa, Fundi alikwenda jikoni kuchukua glasi. Mlango ulikuwa umerudishwa, na ndani Mama Mkate alikuwa akiongea na mdogo wake.

"Yule hampendi mwanangu. Anachopenda ni uraia wake. Ngoja ndoa ifungwe, apewe karatasi, utamwona kisogo."

"Lakini dada, mbona anaonekana mtu wa heshima?"

"Heshima gani! Wote huingia na heshima hiyohiyo."

Fundi alirudi sebuleni mikono mitupu. Angesema nini? Amgombanishe mtu na mama yake siku kama ile? Alirudi kukaa kwenye kiti chake. Lakini pale pale alijiapiza kwamba hataolewa na Unga mpaka awe raia kwa miguu yake mwenyewe, ili asitokee mtu wa kumwambia alikuja kuchuma. Njia aliiona. Miaka ya kuishi nchini inayotakiwa na sheria alikuwa ameitimiza, ombi la uraia kwa ukaazi alikwishalipeleka, na wadhamini wawili raia alikuwa nao: bosi wake wa karakana, na Unga mwenyewe.

Jioni ile simu haikupumzika.

"Niambie ukweli. Kuna mwingine?" aliandika Unga.

"Hakuna."

"Basi hunipendi."

"Nakupenda mpaka naumwa."

"Sasa shida nini? Ukiolewa na mimi uraia unakuja mbio. Mke wa raia hapangi foleni ndefu."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana NINI?"

Fundi alizima simu. Alilala kifudifudi akalia mpaka mto ukalowa, kwa sababu kumkatalia mtu unayemtaka ni kazi ngumu kuliko kubeba kompresa ya friji ghorofani.

Sasa wanaume na kiherehere cha kusaidia, Mungu awasamehe! Unga alikaa akafikiri, akaona amepata jibu. Bibie ana haya. Anaogopa kuonekana ombaomba. Basi yeye atamfanyia jambo kimyakimya. Alivaa tai, akaenda ofisi ya uhamiaji, akainama dirishani.

"Afisa, yule fundi friji mwenye ombi la uraia ni mchumba wangu. Tunaoana karibuni. Mhamishieni kwenye foleni ya wenza wa raia, asihangaike."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa!"

Akaweka sahihi, akatoka anapiga mluzi.

Fundi alikuwa ameingiza kichwa ndani ya friji ya bucha ujumbe ulipofika. "Ombi lako la uraia kwa ukaazi limehamishiwa kundi la wenza wa raia. Mdhamini wako wa pili ameondolewa kwa kuwa ni mchumba wako. Fika Jumatano pamoja na mwenza wako."

Aliusoma mara mbili. Akafunga sanduku la vifaa, akamwambia mwenye bucha "narudi", na kwa mwendo aliokwenda nao watu walimpisha njiani. Alimkuta Unga anapanga mikate rafuni, Mama Mkate yuko kaunta.

"Umenifanyia nini?"

"Umepata ujumbe eh?" Unga alitabasamu mpaka jino la mwisho. "Nilitaka nikushtukize."

"Umenishtua kweli! Nani alikutuma? Nilikuomba?"

"Fundi, nimekurahisishia..."

"Umeniharibia! Nilikuwa na njia yangu. Ndefu, ngumu, lakini yangu! Sasa ama niolewe na wewe, ama niwe sina mdhamini. Na kibali changu kinaisha mwezi ujao!"

"Basi tuoane! Mbona kwako ni kama nakupeleka jela? Kwa nini hutaki, Fundi? Kwa nini?"

"Kwa sababu nilisikia!"

Lilimtoka tu. Wateja wawili waligeuka. Fundi alijaribu kunyamaza akashindwa, machozi yakawa yameshafika.

"Nilisikia siku ile jikoni. Kwamba nataka karatasi, kwamba nikishapata mtaniona kisogo. Nikiolewa leo, Unga, kila nitakapochelewa kurudi nyumbani litasemwa hilo. Nikizaa, litasemwa. Tukigombana hata kwa chumvi, litasemwa. Mimi nakutaka wewe! Sitaki uraia wa kuolewa!"

Akaondoka. Mlango ulibamizwa, kengele yake ikabaki inalia peke yake.

Unga alimgeukia mama yake taratibu.

"Mama. Nani alisema maneno hayo?"

Mama Mkate hakuinua macho. "Mimi."

"Mama!"

"Nimesema ni mimi, unataka nirudie kwa ngoma? Niache nifikiri."

Na kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe, mteja aliulizia mkate wa maziwa na Mama Mkate asimsikie.

Jumatano ikafika. Fundi alivaa gauni lake la kijani, akaketi mbele ya afisa, mwanamke wa makamo mwenye miwani na uso wa mtu asiyedanganyika.

"Mwenza wako yuko wapi?"

"Sina mwenza, afisa. Naomba ombi langu lirudishwe lilikokuwa."

Afisa aliweka kalamu chini. "Unajua unachoomba? Kwa ndoa, utamaliza upesi. Kwa ukaazi, utahojiwa kila kitu, na unaweza kunyimwa. Ukinyimwa na kibali kimeisha, unafungasha."

"Najua."

"Na bado unataka?"

"Na bado nataka."

Hodi ikapigwa. Aliingia Unga, macho mekundu, tai imekaa upande.

"Afisa, samahani. Nilikuja hapa nikasema huyu ni mchumba wangu. Nilisema uongo."

"Sio mchumba wako?"

"Sio."

"Ulimchumbia?"

"Nilimchumbia." Akaizungusha tai yake. "Akanikataa."

"Sema kwa sauti, naandika."

"Alinikataa, afisa! Mbele ya mama yangu, mbele ya wajomba zangu, keki iko mezani. Mimi si mume, si mchumba, si chochote. Nilisema vile kwa sababu nampenda na sikumuuliza anataka nini. Naomba asiadhibiwe kwa ujinga wangu."

Fundi alimtazama mtu yule akijivua heshima yake mwenyewe mbele ya mgeni, kwa ajili yake. Alitaka kuinuka amkumbatie. Akashika kiti kwa mikono miwili ili asiinuke.

"Sawa," alisema afisa. "Maelezo yako ya mwanzo yamefutwa. Lakini wewe huwezi kumdhamini tena, umeshaonyesha moyo wako. Dada, mdhamini mmoja hatoshi. Bila wa pili siwezi kukuhoji leo."

"Naomba nipewe siku chache, nitafute..."

"Siku zenyewe huna. Kibali chako kinakimbia."

Fundi aliinamisha kichwa. Basi ndiyo imeisha, alijisemea.

"Wa pili ni mimi!"

Sauti ile haikuhitaji kipaza sauti. Mama Mkate alikuwa mlangoni, aproni bado kiunoni, kitambulisho chake amekiinua juu.

"Mama, nawe ni nani?" aliuliza afisa.

"Muuza mikate. Raia. Sijawahi kulala mahabusu hata siku moja."

"Huyu kijana unamjua?"

"Nimemzaa, kwa bahati mbaya."

"Basi una uhusiano na mwombaji. Ni mkwe wako huyu."

"Mkwe wapi?" Mama Mkate aliweka mikono kiunoni. "Hujamsikia? Amemkataa mwanangu mchana kweupe! Wageni wangu wamekula keki kama wako matangani. Angekuwa mkwe wangu ningekuja hapa na aproni? Mimi na huyu hatuna undugu wowote, afisa. Kuna video!"

Afisa alijikohoza ili asicheke. "Kaa basi. Unamjua vipi?"

"Ananitengenezea friji. Akisema anakuja asubuhi, anakuja asubuhi. Kitu kikiwa kizima anakuambia ni kizima, hakuuzii kipuri."

"Kasoro zake?"

"Mbishi. Ana hasira. Chai yake anatia sukari mpaka kijiko kinasimama."

"Na kwa nini unataka awe raia?"

Hapo Mama Mkate alikiweka kitambulisho chake mezani. Akamgeukia Fundi badala ya afisa, na sauti yake ikashuka.

"Kwa sababu nilimsema vibaya. Nilisema anatafuta karatasi kwa mwanangu. Halafu nikamwona analetewa karatasi kwenye sahani, na pete juu yake, akairudisha. Tangu siku hiyo silali vizuri. Mwanangu, nilikukosea. Sikukujua. Nisamehe."

"Mama..." Fundi alifuta machozi.

"Usilie, una mtihani. Afisa, sahihi naweka wapi?"

Ndipo Fundi alipohojiwa. Aliulizwa sheria za nchi, haki za raia, wajibu wa raia, historia, mpaka bunge linavyochaguliwa. Mengine aliyajibu haraka, moja alikosea akajisahihisha, jingine akasema wazi kwamba halijui. Mwishoni afisa akavua miwani.

"Swali langu la mwisho. Kwa nini hapa?"

"Kwa sababu hapa ndipo ninapogombana na watu nikaumia," alisema Fundi. "Kungekuwa si kwangu, nisingejali wanavyonisema. Ningefungasha nikaenda zangu."

Afisa aliandika jibu hilo lote.

Kibali chake kikiwa kimebakiza siku za kuhesabu, simu ililia akiwa karakana. "Ombi lako la uraia limekubaliwa. Unaalikwa kula kiapo." Alipiga ukelele mpaka bosi wake akadhani amepigwa na umeme.

Siku ya kiapo ukumbi ulifurika. Walioapishwa walikuwa wa kila aina: mzee wa watu, mapacha, muuguzi aliyetoka zamu. Jina la Fundi lilipoitwa, alinyanyua mkono, akaapa kwa sauti isiyotikisika, akakabidhiwa cheti chake. Mama Mkate alipiga vigelegele hadi mlinzi akamwomba apunguze. Hakupunguza.

Nje, kwenye ngazi, Unga alikuwa amesimama pembeni, hana uhakika kama anaruhusiwa kusogea.

"Unga, njoo hapa," aliita Fundi.

"Nimekuja."

"Niulize tena."

"Nikuulize nini? Mimi niliuliza mara moja, ukoo wote ukaniona. Sina goti jingine. Ukitaka kuuliza, uliza wewe."

Fundi alicheka. Kisha akaacha kucheka. Akapanda ngazi moja juu ili kila mtu amwone.

"Haya. Sikilizeni na nyinyi wote. Uraia ninao, huu hapa, nimeusotea mwenyewe. Kazi ninayo. Pa kulala ninapo. Unga, sina hata kitu kimoja ninachokihitaji kutoka kwako. Nakutaka wewe tu, na nyusi zako hizo. Utanioa?"

Unga alifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"We mtoto, jibu!" alifoka Mama Mkate. "Au nijibu mimi?"

"Nakuoa," alisema Unga kati ya machozi. "Nakuoa, Fundi. Ungenisubirisha hata miaka ningekaa palepale."

Ngazi nzima ililipuka kwa makofi. Wale mapacha hawakumjua Fundi wala Unga, lakini walipiga makofi kuliko wote.

Harusi ilifuata, duka likafungwa siku nzima, na keki ikaliwa kwa furaha safari hii. Katikati ya muziki mgeni mmoja, mwanamke mwenye kidomodomo, alimwinamia Mama Mkate sikioni.

"Bibi harusi si ni yule mgeni? Ndiyo kapata uraia basi!"

Mama Mkate alishusha sahani yake, akasafisha koo, na akajibu kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara.

"Uraia alikuwa nao kabla hajamposa mwanangu! Mdhamini wake ni mimi. Una swali jingine?"