Aliyekuja Kuomba Sura

Karatasi zilikuwa na joto, kama shati lililotoka kupigwa pasi. Nukta alidhani zimetoka tu kwenye mashine ya kuchapa. Akazipanga mezani, akamtazama kijana aliyezileta: kofia kaishusha hadi mdomoni, ananuka nywele zilizoungua.

"Karibu, kaka. Tatizo liko wapi?"

"Maneno ninayo, dada. Sina sura."

Nukta alitabasamu. Kila alasiri yeye na Mrefu, wote wa mwaka wa tatu, walikaa chumba hiki chini ya maktaba wakiwasaidia wenzao kunyoosha insha na tasnifu. Jina lenyewe alibandikwa hapo, maana hakuacha sentensi ya mtu ipite bila nukta. Wasiojua kugawa kazi yao kwa sura alishawazoea. Sharti lilikuwa moja: unamwonyesha mtu, humwandikii.

"Niandikie moja tu," kijana alisihi. "Nimehangaika sana."

Siku hiyo Nukta alikuwa hoi, anataka aende zake. Akashika kalamu, akaandika: Sura ya Kwanza.

Mkono ukakataa kusimama. Ukaandika mstari wa pili, wa tatu, maneno asiyoyajua. Alitaka kuita, sauti ikamkauka.

Mrefu aliinua kichwa kutoka meza ya pili, akarudi nyuma hadi ukutani. "Nukta," alinong'ona. "Uso wako!"

Nukta alijipapasa kwa mkono wa kushoto. Nyusi hazipo. Ngozi laini kama sahani. Na pale mbele yake, chini ya ile kofia, pua yake mwenyewe ilikuwa inachomoza.

Mrefu alikimbilia mlangoni, kitasa kikazunguka tu mkononi, akapiga mbao kwa ngumi, akapiga kwa bega, akaliita kila jina alilolijua pale maktaba, na huku nyuma kalamu inakwaruza, inakwaruza, na harufu ya nywele inazidi kuwabana koo mpaka hewa yenyewe ikawa ya kugombania.

Mlango ukafunguliwa kwa nje. Alikuwa mama msafishaji, ndoo mkononi. Alitazama mara moja tu, akaanza kusoma dua.

"Umemwandikia, mwanangu?"

Nukta akatikisa kichwa kukubali.

"Basi zichane karatasi mwenyewe. Mimi siwezi kukuchania."

"Dada, usinifanyie hivyo," kijana alilia, kwa sauti ya Nukta.

Nukta akachana. Kila karatasi ilimuuma kama ngozi inayobanduliwa, lakini akachana, machozi yakimtoka kwenye macho aliyoyahisi yakirudi mahali pake. Alipomaliza, kiti cha mbele kilikuwa kitupu.

Mrefu aliviunganisha vipande sakafuni. "Mama, ukurasa wa kwanza haumo. Kaondoka nao."

Mama msafishaji alishika ndoo yake kwa mikono miwili. "Kwenu yuko nani saa hizi, mwanangu?"

"Mama yangu. Peke yake."

"Kimbia."

Nukta alikimbia hadi kwao bila viatu. Alipogonga, mama yake alifungua mlango nusu, akabaki kumkodolea macho.

"Mama, toka nje! Haraka!"

"Wewe ni nani?" mama aliuliza. "Mwanangu kaingia sasa hivi."

"Mama," sauti ya Nukta ikasema kutoka ndani, tulivu kabisa, "usimfungulie huyo."

Mama akageuka, akatazama ndani. Akamtazama tena aliye nje. Kisha akafunga mlango, na komeo likalia.