Fundi Kesho

Kila asubuhi baba alifungua kibanda chake cha ushonaji, akatia uzi kwenye cherehani, na wateja wakaanza kumvamia. "Fundi, suruali yangu vipi?" "Kesho." Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, naye alicheka tu.

Siku moja alianguka, futi kamba ikiwa bado shingoni. Kiharusi. Alipozinduka hospitalini, neno moja tu ndilo lililobaki kinywani mwake. Ukimuuliza anaumwa wapi, "Kesho." Ukimuuliza kama ana kiu, "Kesho." Wateja waliokuja kumjulia hali walicheka, wakidhani ni mzaha wake wa siku zote. Mimi nililia. Ningefanya nini?

Baba mdogo ndiye aliyenikera zaidi.

"Shemeji, kaka akili imeshahama," alimwambia mama, baba akiwa pale pale kitandani. "Cherehani tuiuze. Mnunuzi anakuja jioni hii."

Mama alijifuta machozi. Baba aling'ang'ania shuka. "Kesho! Kesho!"

"Si unaona? Anapayuka tu."

Loh! Nilitamani kumziba mdomo, lakini nani angemsikiliza mtoto? Daktari alipoingia, nilimdaka mkono.

"Daktari, eti baba yangu ana wazimu?"

"Nani kasema?" Alikunja uso. "Ana afasia. Ni neno la Kiingereza lililotoka kwa Wagiriki wa kale, na maana yake ni kukosa usemi. Usemi, si akili! Nimempima, anaelewa. Muulize swali la ndiyo au hapana, kisha umsubiri."

Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Baba, cherehani iuzwe?"

Tulisubiri. Baba mdogo alitaka kusema, daktari akamkatiza kwa kidole. Taratibu sana, baba alitikisa kichwa. Hapana. Machozi yakamtiririka.

"Nisamehe, kaka," baba mdogo alisema kwa sauti ya chini. "Nimekuzika ungali hai." Akatoka nje kumpigia simu mnunuzi asije.

"Mmeona?" daktari alituambia. "Aliyepoteza maneno hajapoteza mawazo. Msimwamulie mgonjwa kabla ya kumsikiliza, hata akichelewa kujibu."

"Ataongea tena lini?" nikauliza.

"Sijui, binti yangu. Tutamfundisha pole pole."

Nilimgeukia baba. Baba akanifinya mkono, akanitazama machoni.

"Kesho," alisema.

Safari hii hakuna aliyecheka.