Ripoti Alizozinywa Zamzam

Kitwana aliuza nazi sokoni Kariakoo. Yeye, mkewe na binti yao Zamzam walipanga chumba kimoja Mtaa wa Pemba. Jioni moja alirudi kutoka sokoni, akasimama mlangoni, akaita, "Zamzam!"

Mtoto alikuwa akichambua mchele. Hakugeukia mlangoni. Aligeukia kona tupu iliyokuwa kushoto kwake, akaitikia kwa adabu, "Abee, baba."

Pale konani hapakuwa na mtu. Zamani palikuwa na kitanda cha mpangaji mmoja mzee, naye alifia papo hapo. Tangu Ramadhani Zamzam alikuwa akiitikia hivyo.

"Umeona?" mkewe alinong'ona. "Anaitikia wengine, si sisi."

"Jumatatu haendi shule," Kitwana akajibu kwa sauti ya chini. "Nampeleka Kisarawe kwa mama, akatolewe huyo pepo."

Zamzam aliendelea kuchambua mchele. Hakusikia hata neno. Alikuwa darasa la tatu, na shule aliipenda kuliko halua.

Jumapili mwalimu wake, Hyasinta, alibisha hodi. Alikuwa mtu wa Masasi, mpole wa sauti lakini mgumu kudanganyika.

"Nimewatumia ripoti mbili mwaka huu," alisema. "Hamkuja kuniuliza lolote. Ziko wapi?"

Mama Zamzam aliinamisha kichwa. "Amezinywa, mwalimu."

"Amezinywa?"

"Niliona wino mwekundu, nikaingiwa na hofu. Nikaziosha kwa maji ya waridi, kama kombe la aya zinazoandikwa sahanini, nikampa maji yale anywe. Nilisema maandishi ya mwalimu yamwingie kichwani."

Usimcheke, msomaji. Mama huyu hakujua kusoma, na mapenzi yake kwa mtoto yalikuwa ya kweli. Lakini ripoti ni barua ya mwalimu kwa mzazi. Asiyejua kusoma amwombe mtu amsomee, au aende shule akaulize.

Hyasinta alifungua daftari lake. "Kila Ijumaa nawapima watoto, na alama naziandika hapa. Sikilizeni. Hesabu za ubaoni: Januari tisa kati ya kumi. Aprili tisa. Julai tisa. Sasa imla, ambapo mimi nasema na wao wanaandika. Januari nane. Aprili tano. Julai mbili."

"Basi ni mjinga," Kitwana akasema.

"Mjinga angeanguka kote, bwana. Huyu ubao anauona vizuri. Sauti yangu ndiyo haimfikii. Aliwahi kuumwa sikio?"

"La kulia," mama akajibu polepole. "Lilitoka usaha mwezi wa Ramadhani. Likakauka, tukashukuru."

Hyasinta alisimama nyuma ya mtoto, aliyekaa palepale alipochambulia mchele. Alimziba sikio la kushoto kwa kiganja, akamwita. Zamzam hakutikisika. Akaliachia la kushoto, akaliziba la kulia, akamwita tena. Zamzam aligeukia ile kona. "Abee, mwalimu."

Kitwana alirudi nyuma hatua moja.

"Usiogope," Hyasinta akamwambia. "Anasikia kwa sikio moja tu. Mtu wa namna hiyo hajui sauti imetoka wapi. Anadhani kila sauti imetoka upande wa sikio zima."

Jumatatu Kitwana hakwenda Kisarawe. Alimpeleka mtoto hospitali. Sikio lilisafishwa, likatiwa dawa wiki baada ya wiki. Halikupona kabisa. Shuleni Hyasinta alimhamishia dawati la mbele, sikio lake zima likamwelekea mwalimu.

Desemba mama Zamzam alikwenda shule mwenyewe, amevaa kanga yake mpya. Hyasinta alimwonyesha kwa kidole safu ya imla katika daftari. Akamsomea: Julai mbili. Septemba nne. Oktoba sita. Novemba nane.

"Mwakani anaingia darasa la nne," mwalimu alisema. "Una swali?"

Mama aliweka kidole kwenye ile alama ya Julai.

"Hapa alipopata mbili," alisema, "mwanangu alikuwa hasikii. Na mimi nilikuwa namwogopa."