Namba Alizozinyoosha Asnath

Lori moja la risasi lilipita vizuizi vya Kibondo na Kasulu mara kumi na tisa, na kompyuta ikasema ni malori sita tofauti.

Kila kizuizi kiliandika namba ya gari kivyake. T 417 DXK. T417DXK. t-417-dxk. Risasi zikavuka mpaka upande wa Munanila, kuingia Burundi.

Aliyeshtuka ni Niyubahwe, mkulima wa Murungu aliyekuja kutoka Burundi akiwa mtoto, sasa raia. Alimuuzia mwenye lori maharage, akaona kilichokuwa chini ya magunia. Akapiga simu polisi.

Saa tatu asubuhi, gesti ya Kasulu, simu ya Asnath, askari wa upelelezi, ililia. Mkuu wake, Nathaniel.

"Fagia uwanja wa namba kwenye mashine."

"Wote?"

"Wote. Una saa moja."

Asnath alisogeza bastola yake ya Glock pembeni, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad. Akaandika programu ya mistari kumi na moja. Ondoa nafasi. Ondoa nukta na vistari. Herufi zote kubwa. Akaona namba za simu nazo ni fujo. Akazinyoosha pia.

Akabonyeza.

Malori sita yakawa moja. Fuso ya bluu, nusu saa tangu ipite Murungu.

Aliingoja Kagerankanda na Land Cruiser mbili. Dereva alipoona njia imezibwa alitia gia ya nyuma. Asnath akafyatua mara mbili. Fuso ikalala mtaroni.

Dereva alitoka mikono juu.

"Afande, si ungeniambia tu nisimame? Tairi nimefunga juzi."

"Utazililia ndani."

Saa nane alipiga Isack, karani aliyetunza orodha ya watoa habari Kibondo. Hakusalimia.

"Dada, nani kagusa namba za simu?"

"Mimi. Zilikuwa ovyo."

"Niliziandika ovyo mimi mwenyewe."

Akamweleza. Kwenye kizuizi kimoja alikuwepo askari aliyekula na wenye magendo. Nani, Isack hakumjua. Askari huyo alikuwa akiingiza kwenye mashine namba za simu za wote waliofanya biashara na mwenye lori, moja moja, akitafuta msaliti. Miaka minne Isack alizipachika nukta na nafasi namba za watu wake kwenye orodha, mashine ikawa inajibu hakuna. Wakuu hakuwaambia. Hakujua yupi kati yao wa kumwamini.

Leo mashine ilijibu yupo.

"Niyubahwe yuko wapi?"

"Shambani kwake. Mkewe, Immakulata, kamfunika kitenge."

Asnath akairudia ThinkPad. Alifungua kumbukumbu za mashine, akasoma jina la aliyetafuta, akamtumia Nathaniel. Saa kumi askari huyo alikuwa ametiwa pingu. Nathaniel akapiga kumpongeza; kazi safi, alisema. Asnath akakata simu, akachomeka Glock kiunoni, akatoka kwa miguu kuelekea stendi. Hakugeuka.

Maboksi mia mbili na arobaini ya risasi. Lori moja. Dereva mmoja. Askari mmoja.

Niyubahwe, miaka arobaini na moja. Mjane mmoja. Watoto watano, wa mwisho hajaanza kutembea. Ekari mbili za maharage, hayajavunwa.