Sauti Aliyoichagua Masikio

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Masikio alikuwa na kazi moja: kusimama nyuma ya pikapu na kusikiliza. Mama yake akiwasha injini, yeye hutega sikio, kisha hutoa taarifa. "Mkanda unalia," husema, au, "Leo iko salama, twende." Mama aliuza mboga kwa gari, mtaa kwa mtaa, na alikuwa hajaona dereva anayegundua ubovu mapema kama binti yake huyo wa miaka kumi na miwili. Ndiyo maana jina lake halisi lilibaki kwa walimu tu. Nyumbani na mitaani aliitwa Masikio.

Mdogo wake wa miaka minne aliitwa Kifurushi. Tangu akiwa mchanga alisafiri kwenye kebini akiwa amezungushiwa shuka, katikati ya mama na dada. Masikio alishushwa shuleni, na Kifurushi akaendelea na mama kuuza kabichi na vitunguu. Alijua bei zote, ila hakujua kurudisha chenji.

Mama hakuwa na haja ya kupiga honi. Kila aliposimama, alikanyaga mafuta mara mbili, vruum, vruum, na wateja wakatoka na vikapu vyao. Basi ekzosi, yaani lile bomba la kutolea moshi, ilipoliwa na kutu na kudondokea shimoni, biashara ilitumbukia nyongo. Gari lilipiga kelele kama debe la mawe. Vichanga viliamka vikilia, na wateja walifunga madirisha badala ya kufungua milango. Shuleni, wenzake walimuuliza Masikio kama mama yake anauza mboga au anaponda kokoto. Alicheka nao, lakini moyoni aliumia.

Jumamosi wakaenda kwa fundi wa ekzosi.

"Nataka sauti kubwa," mama alimwambia, "lakini iwe tamu. Isikike nyuma ya ukuta, na isimwamshe mtoto aliyelala."

"Dada yangu, unatafuta ekzosi au mwimbaji?" fundi akacheka. Hata hivyo aliingia stoo, akatoka na ekzosi tatu.

Ya kwanza ilinong'ona tu. "Hii inaomba radhi," mama akasema. Ya pili ilipasuka-pasuka kama bisi kwenye sufuria, na Kifurushi akaziba masikio. Ya tatu ilikuwa nene, imetoka kwenye gari kubwa lililokwisha kazi. Fundi aliifunga kwa muda, kisha akajifuta mikono.

"Mdomo wa hii ni mpana kidogo kuliko bomba lenu," alieleza. "Isipokaa sawasawa hapa kwenye maungio, chini ya kebini, moshi utavuja na kuingia ndani. Na sumu ya moshi huu haina hata harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, na wapo waliolala hivyo wasiamke. Kwa hiyo ikivuja, haiendi barabarani." Akamgeukia Masikio. "Njoo uchutame hapa, mwanangu. Mimi nyundo zimekwisha kunila masikio."

Masikio akachutama. Mama akakanyaga mafuta. Sauti ilitoka nzito, laini, imetulia, ikajaza karakana nzima bila kumkera mtu. Mafundi wa jirani waligeuka kutazama. Masikio alihisi kifua chake kinatetemeka kwa furaha. Hii ndiyo! Hakuna atakayemcheka tena.

Kisha, chini ya sauti ile nzuri, akasikia nyingine ndogo: fsss, fsss, fsss. Ilitokea palepale kwenye maungio.

"Vipi, umesikia chochote?" fundi aliuliza.

Masikio aliitazama ile ekzosi ya kwanza iliyokuwa ikisubiri sakafuni, ile ya kuomba radhi. "Hapana," akasema. "Iko safi."

Fundi akakaza boliti, na safari ikaanza.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya raha. Wateja walitoka hata kabla mama hajasimama. Shuleni wavulana walikimbilia getini kuisikiliza pikapu. Kulikuwa na joto, madirisha yalikuwa wazi, na Masikio alijiambia kwamba fsss ile itajiziba yenyewe. Alijiambia hivyo kila siku, na mtu hajiambii kila siku jambo analoliamini kweli.

Kisha mvua zikaanza, na madirisha yakafungwa.

"Kichwa changu hiki!" mama alilalamika jioni moja akijikanda kipaji cha uso. Kesho yake alilalamika tena. Kifurushi, ambaye zamani aliimba njia nzima, sasa alisinzia kabla hawajafika shuleni. Masikio alimtazama. Akashusha kioo.

"Funga, mtoto ataloa!" mama akasema.

"Naona joto, mama."

"Joto gani na mvua hii? Funga."

Akafunga. Akisema habari ya fsss, ataulizwa kwa nini hakusema mapema. Kila siku iliyopita ilifanya jibu la swali hilo liwe gumu zaidi. Darasani hakusikia mwalimu alisema nini. Alichosikia ni fsss.

Siku moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Walipofika getini, Kifurushi alikuwa amelala, kichwa kimeangukia bega. Kila siku aliamka kumpungia dada yake mkono. Safari hii Masikio alimtikisa, naye akaguna tu.

"Mwache alale," mama alisema. Sauti yake ilikuwa nzito. "Hata mimi leo sijisikii vizuri. Nitauza mtaa mmoja, nirudi."

"Mama..."

"Nini?"

"Hamna kitu."

Mlango ukafungwa. Pikapu ikaondoka. Masikio alisimama kwenye mvua, na mara akaona wazi alichokuwa amekifanya: alikuwa amemwacha mdogo wake ndani ya moshi. Akatupa mkoba, akakimbia.

"Mama! Simama! Mama!"

Mama hakusikia. Ile sauti nene, tamu, aliyoichagua Masikio mwenyewe, ilimeza mwito wake wote. Gari likakunja kona.

Masikio hakusimama. Aliifuata kwa sikio. Pikapu ilipanda mlima mfupi, ikapinda kushoto, ikaingia mtaa wa nyumba za ukuta. Hapo ikatulia. Injini iliendelea kunguruma polepole, kwa sababu starta ilikuwa mbovu na mama hakupenda kuzima gari njiani. Masikio alikimbia huku akisubiri vruum ya kwanza na ya pili.

Haikuja.

Alisubiri tena. Injini ilinguruma vilevile, bila mguu wa mtu. Akalia huku akikimbia, akateleza kwenye tope, akainuka.

Alimkuta mama ameinamia usukani. Masikio alivuta mlango, akanyoosha mkono, akazima ufunguo. Ukimya ulikuwa wa kutisha kuliko kelele. "Mama!" Mama alifumbua macho, akayafumba. Masikio alizunguka upande wa pili, akamkumbatia Kifurushi na kumburuta nje. Mtoto alikuwa mlegevu kama nguo mbichi.

"Jamani, tusaidieni!"

Geti likafunguka. Mteja mmoja, mwanamke mtu mzima, alitoka na kikapu, akakitupa na kuita majirani. Wakamtoa mama, wakamkalisha chini ya paa. Matone ya mvua yalimpiga Kifurushi usoni. Kwanza hakuna kilichotokea. Kisha akakunja uso, akakohoa, akaangua kilio. Masikio hakuwahi kusikia sauti nzuri kuliko hiyo.

Walipofikishwa zahanati, waliwekewa hewa safi ya mtungi. "Ni moshi wa gari," muuguzi alisema. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine. Nani aliyegundua?"

Wote wakamtazama Masikio. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza na kupokea sifa.

"Nilijua tangu karakana," akasema. "Nilisikia ikivuja. Fundi aliponiuliza, nilidanganya. Niliogopa ataitoa, watoto wanicheke tena." Akaanza kulia. "Nisamehe, mama."

Mama hakumfokea. Alimshika mkono na kuubana sana, na ubanaji ule ulimuuma Masikio kuliko fimbo.

Siku iliyofuata majirani waliisukuma pikapu hadi karakana. Fundi aliposikia habari, alikaa kwenye tairi, kofia mkononi.

"Mtoto ana kosa, lakini mimi nina kubwa zaidi," alisema. "Maji ya sabuni ya kupimia uvujaji yapo pale kwenye ndoo, na sikuyatumia. Uvivu wangu ndio uliomkabidhi mtoto kazi ya kupima sumu kwa sikio. Nisamehe, dada yangu."

Akaziba tundu la nyuma la ekzosi kwa tambara, mama akawasha injini, naye akapaka sabuni kwenye maungio. Povu likachemka. Akazima gari, akachukua kipande kifupi cha bomba, akakivisha kwenye maungio na kukichomelea, kisha akafunga gasketi mpya, ile pete ya kuzuia uvujaji. Akapaka sabuni tena. Safari hii hakuna hata povu moja lililocheza.

"Imekwisha?" Masikio aliuliza. "Huitoi?"

"Niitoe kwa nini?" fundi alishangaa, akachukua kikombe chake. "Nilisema isiende barabarani ikivuja. Sikusema haizibiki. Ona, hata chai yangu haijapoa."

Masikio aliduwaa. Kazi ndogo hivyo! Kwa ajili ya hiyo nusura ampoteze mama na Kifurushi.

Mama alimvuta karibu. "Umeona, mwanangu? Ulificha ukweli ili usinyang'anywe kitu ambacho hakuna aliyetaka kukunyang'anya. Masikio yako ni zawadi, lakini sikio peke yake haliokoi mtu. Kinachookoa ni mdomo unaosema kilichosikika, na useme palepale, hata kama umeogopa. Uwongo ulikuwa wako, lakini aliyekaribia kuulipia ni huyu." Akamgusa Kifurushi kichwani.

"Sitarudia, mama."

"Najua. Haya, kazini. Unasikia nini?"

Mama akakanyaga mafuta mara mbili. Sauti ikatoka ileile, nene na tamu, na Kifurushi akaiigiza kwa mdomo. Masikio alichutama, akasikiliza chini, katikati, nyuma. Fsss haikuwepo. Lakini kulikuwa na kitu kingine. Alimtazama mama, akamtazama fundi aliyekuwa ndiyo kwanza anapeleka kikombe mdomoni.

"Kuna kitu kinagonga," alisema kwa sauti. "Nyuma, upande wa kushoto."

Fundi aliitazama chai yake, akaiweka chini, akaingia tena uvunguni.