Baba wa Ubatizo wa Tadija

Daktari Vidoje Sarac alikutwa asubuhi amelala kifudifudi kando ya kiti cha wagonjwa wake, kisogo kimepondeka. Kisahani chake cha majivu, kile kizito cha kioo, kilikuwa chini ya dirisha kikiwa na damu na nywele.

Inspekta Milunka Rakita alisimama mlangoni bila kuingia. Alikuwa mwanamke wa maneno makali, na kituo kizima cha polisi cha mji wa Valjevo kilijua kwamba akinyamaza namna ile ni heri umwache. Sajini Panto hakuwahi kujifunza hilo.

"Wizi tu huu, Inspekta. Daktari wa akili, ofisi juu ya duka la dawa. Mraibu wa vidonge kapanda ngazi, kataka dawa, kanyimwa."

"Na kabla ya kumuua akakaribishwa kinywaji?"

Panto alitazama meza. Palikuwa na chupa ya rakia, ile pombe kali ya plamu, na glasi mbili ndogo. Kando yake lilikuwepo bakuli la ukingo wa buluu lenye ngano iliyochemshwa, ikachanganywa na sukari na njugu za kusagwa. Ilikuwa imeliwa vijiko viwili tu. Ngano ya namna hiyo hupikwa kumkumbuka marehemu.

Milunka alichuchumaa, akanusa sakafu. Palikuwa na matone makavu ya rakia kando ya kiti cha daktari, na mengine kando ya kiti cha mgeni.

"Haya hayakumwagika kwa ugomvi," alisema. "Walimtilia marehemu wao matone sakafuni kwanza, kila mtu kwa mkono wake, ndipo wakanywa. Panto, watu hawa walikuwa na msiba mmoja. Chukua alama za vidole kwenye glasi zote mbili."

Zagorka, muuguzi wa daktari, alikuwa amekaa ngazini na leso mkononi.

"Daktari alikuwa akinywa na wagonjwa?" Milunka aliuliza.

"Kunywa? Usinichekeshe, mama, nina msiba. Mtu alimletea jibini, akamkimbiza nalo mpaka barabarani! Hata kahawa hakuwapa. Alisema mgonjwa akishakuwa mgeni wako, hakwambii ukweli tena."

"Mgonjwa gani amekufa karibuni?"

Zagorka alikunja leso, akaikunjua.

"Nevenka Bulat. Alijitupa mtoni, kaacha kitoto hakijaota hata jino. Jana ilikuwa arobaini yake. Daktari hakwenda makaburini. Alijifungia humu, akaniambia niende nyumbani."

"Matibabu yake yalikuwaje?"

"Mwanzoni alikuwa akilia mpaka wateja wa dukani chini wanauliza kuna nini. Akawa anapata nafuu, nakuapia. Halafu, baada ya mtoto kubatizwa, akaja kimya. Anakaa saa nzima, sisikii hata kikohozi. Anatoka, daktari anabaki mle ndani kama mtu aliyepigwa."

"Hakumhamishia kwa daktari mwingine?"

"Nilimwambia! Akanifokea. Miaka yote ile hajawahi kunifokea."

Obren Bulat, mume wa marehemu, alikuwa fundi wa makochi upande wa pili wa mto. Aliwafungulia mlango mtoto akiwa begani na chupa ya maziwa mfukoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuuliza wamefuata nini, na Milunka hakupenda hilo.

Ukutani palikuwa na picha moja tu. Kanisani, Daktari Sarac amemshika mtoto mkono mmoja, mshumaa mkono wa pili. Nyuma yake Nevenka alikuwa ametazama sakafu.

"Daktari wa mkeo ndiye baba wa ubatizo wa mwanao?"

"Ndiye."

"Nani alimwomba?"

"Mimi. Nilimwomba kwa jina la Mungu na Mtakatifu Yohane."

Panto aliguna. Mtu akiombwa hivyo katika nchi ile, hakatai. Kukataa ni kama kumlaani mtoto. Milunka mwenyewe alikuwa na watoto wa ubatizo katika mitaa mitatu, mmoja wa jirani asiyempenda hata kidogo, na hakukataa.

"Jana ulitoka makaburini ukaenda wapi?"

"Nyumbani. Tadija alikuwa na homa."

"Mara ya mwisho kumwona daktari?"

"Mazikoni."

"Na bakuli lako lilikwenda kwake peke yake?"

Obren aligeukia kabati. Mabakuli ya ukingo wa buluu yalikuwa yamepangwa vizuri, na moja halikuwepo.

"Kuna alama za vidole kwenye glasi, Obren. Unaweza kunidanganya mpaka jioni. Jibu halitabadilika."

"Nikikwambia, nani atambeba huyu?"

Milunka alivuta kiti, akaketi.

"Mimi nimelelewa kituo cha yatima, pale barabara ya reli, dada," Obren alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Nevenka naye, baba yake alimfungia mlango siku tuliyooana. Hatuna mtu. Mtoto alipozaliwa mke wangu akaanza kuharibika, na yule daktari akamrudisha. Nikasema, basi, huyu ndiye. Mwanangu atakuwa na jamaa mmoja duniani, na awe mtu mwema."

"Ukampelekea ngano."

"Kwa sababu ni jamaa! Sikwenda kumuua. Tulimtilia Nevenka, tukanywa. Kisha akaanza kulia. Akaniambia mke wangu alimpigia magoti asinikubalie ule ubatizo." Obren alimhamishia mtoto bega la pili. "Alimwambia, 'Ukiwa mtu wa nyumbani kwangu, nitamwambia nani kwamba nikimwogesha mtoto natamani kumzamisha?' Alimwambia hivyo, dada. Na yeye akanikubalia."

"Akaendelea kumtibu."

"Jumapili anakula supu yangu hapa, Nevenka anamkatia mkate, anatabasamu. Jumatatu anakwenda kwake, hana la kusema. Angesema nini, na kesho yake mtu huyo huyo yuko jikoni kwake? Daktari aliliona hilo. Hakumpeleka kwingine kwa sababu ningeuliza kwa nini, akaona haya. Haya tu! Mke wangu kafa kwa haya ya mtu."

"Ndipo ukampiga."

"Nilimuuliza, kwa nini hukunikatalia? Wewe ulikuwa daktari wake! Akasema, 'Obren, nani anakataa ubatizo?'"

Mtoto alimshika sikio, akalivuta.

"Angetafuta uongo wowote nisingempiga. Lakini ni kweli. Hakuna anayekataa, na mimi ndiye niliyeomba. Nilimleta mwenyewe mezani kwangu, nikamziba mke wangu mdomo, nikadhani namletea heri. Kisahani kilikuwa karibu na mkono."

Panto alikuwa ametoa pingu. Alizitazama, akamtazama mtoto, akazirudisha mfukoni. Safari hii Milunka hakumkaripia. Alimchukia daktari na kumhurumia kwa wakati mmoja.

"Hakuna ndugu yeyote?" aliuliza, ingawa alikwisha kuambiwa. "Baba akifungwa, mtoto hupelekwa kwa..."

"Kwa baba yake wa ubatizo," Obren alisema.

Wote watatu walitazama picha ukutani.

Panto alikwenda ukumbini kupiga simu ustawi wa jamii. Walimsikia akitaja kituo cha watoto, kile kile cha barabara ya reli, kisha akirudia jina la Tadija herufi kwa herufi. Obren aliweka nguo za mtoto kwenye mfuko, akaongeza kofia ya sufu aliyofuma Nevenka. Alimkabidhi Milunka mtoto taratibu, akamwonyesha namna ya kumshika kichwa, ingawa mtoto alikwisha kujua kushika kichwa mwenyewe.

"Waambie wasimlaze karibu na dirisha," alisema. "Kwenye chumba cha wadogo halifungi vizuri. Usiku baridi inaingia."